Banda la Gari la Chuma: Uchambuzi wa Vigezo vya Uteuzi katika Pwani na Bara ya Afrika Mashariki

Katika miji ya Afrika Mashariki gari ni miongoni mwa mali ghali kabisa ambazo kaya hununua baada ya nyumba yenyewe, na kwa kuwa sehemu kubwa ya magari hayo huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika Japani, mwenye nalo hulazimika kufikiri mapema jinsi ya kulikinga na jua linalopausha rangi, mvua inayolisha kutu na mikono ya wezi wa taa na vioo vya pembeni. Jibu ambalo wengi hulifikia ni banda la chuma linaloagizwa kwa vipimo vya kiwanja husika, ama kutoka kiwandani ama kwa mafundi wa kuchomelea, wakiwemo wale wa Gerezani jijini Dar es Salaam na wa Kamukunji jijini Nairobi. Chuma kina sababu nzuri za kupendwa: hakiliwi na mchwa, husimikwa kwa siku chache, huvuka upana wa magari mawili bila nguzo ya katikati, na kinaweza kufunguliwa na kuhamishwa pale mwenye nyumba anapopanga upya kiwanja chake.

Hata hivyo, uteuzi wa banda mara nyingi hufanywa kwa kutazama kile kinachoonekana, yaani rangi ya bati, umbo la paa na bei ya jumla. Uchambuzi huu unashikilia kwamba uhai wa banda huamuliwa mahali ambapo macho ya mnunuzi hayafiki kwa urahisi: kwenye msingi uliofukiwa, kwenye maungio ya vyuma, na kwenye tabaka jembamba la madini linalotenganisha chuma na hewa. Anayeelewa sehemu hizo tatu, na anayejua upepo na hewa ya mahali pake, anaweza kuagiza banda litakalodumu. Asiyezielewa hununua paa zuri lililokalia miguu dhaifu.

Banda la wazi na gereji iliyofungwa

Mabanda ya chuma ya magari yako katika makundi mawili makuu. La kwanza ni banda la wazi, yaani paa linalobebwa na nguzo bila kuta, au lenye ukuta upande mmoja tu. La pili ni gereji ya nyumbani, yaani chumba kamili chenye kuta na mlango unaofungwa. Uamuzi kati ya mawili hayo hutokana na swali moja: gari linakingwa na nini hasa? Ikiwa adui ni jua, mvua, majani na kinyesi cha ndege, banda la wazi linatosha kabisa, na katika ua wenye ukuta, geti na mlinzi halipungukiwi na kitu kikubwa. Ikiwa adui ni mwizi, au ikiwa chumba hicho kitahifadhi pia zana na vifaa, basi kuta zina maana.

Lakini kuta huleta hasara ambayo wauzaji hawaitaji. Katika hewa ya unyevu ya pwani, gari linaloingizwa likiwa limelowa hubeba maji na chumvi kwenye uvungu wake, na chumba kisicho na matundu ya hewa huuzuia unyevu huo usitoke, hivyo kutu huendelea kula usiku kucha mahali ambapo banda la wazi lingekuwa limekwisha kukauka kwa upepo. Katika miji ya nyanda za juu kama Nairobi, Arusha na Mbeya hutokea jambo jingine: bati hupoa haraka usiku, mvuke uliomo ndani hugeuka matone upande wa chini wa paa, na matone hayo hudondokea gari na vifaa. Aidha, injini inayonguruma ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua. Kwa sababu hizo zote gereji ya chuma haina budi kuwa na matundu ya hewa chini ya ukuta mmoja na juu ya ukuta unaoelekeana nao, ili hewa iingie baridi na itoke ikiwa imepata joto.

Wapo pia wanaogeuza kontena la meli kuwa gereji. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06 kwa nje, nao upana wake wa ndani ni takriban mita 2.35. Gari dogo lenye upana wa mita 1.7 likiingia humo huacha sentimita 65 tu za kugawanywa kwa pande mbili, kiasi kisichomtosha dereva kufungua mlango na kutoka. Kontena ni ghala zuri la vifaa, ila kwa gari litumikalo kila siku ni chaguo gumu.

Vipimo vinavyotokana na gari na kiwanja

Kosa la kawaida katika vipimo ni kulipima gari lililosimama huku milango ikiwa imefungwa. Toyota IST haifiki mita 4 kwa urefu, ilhali Toyota Hilux yenye milango minne huzidi mita 5.2, na upana wa magari ya kawaida huwa kati ya mita 1.7 na 1.9 bila kuhesabu vioo. Mlango unaofunguliwa huhitaji sentimita 60 au zaidi, na mtu anayebeba mtoto au mizigo huhitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo banda la gari moja lenye upana wa mita 3 na kina cha mita 6 ni kiwango cha busara, na la magari mawili lisipungue mita 5.5 kwa upana. Kimo kwenye ukingo wa chini wa paa kisipungue mita 2.4, na kiongezwe pale ambapo gari refu lenye kichanja cha mizigo juu yake linatarajiwa.

Mahali pa nguzo ni muhimu kama upana wenyewe, kwa maana nguzo iliyosimikwa pale mlango wa dereva unapofungukia hulifanya banda pana kuwa finyu. Baadhi ya wanunuzi hutatua hilo kwa kuagiza banda la mkono mmoja, ambalo nguzo zake zote ziko upande mmoja na paa linaning'inia upande wa pili. Umbo hilo linapendeza na linarahisisha kuingia, lakini uzito wa paa na nguvu ya upepo hujaribu kuipindua nguzo kwenye shina lake, kwa hiyo msingi na vyuma vyake lazima viwe vikubwa zaidi kuliko vya banda la nguzo nne. Mnunuzi anayetaka umbo hilo kwa bei ya banda la kawaida huwa anaomba kitu kisichoweza kutolewa kwa usalama.

Upepo na msingi

Watu wengi huamini kwamba kazi ya nguzo ni kulizuia paa lisianguke. Kwa banda jepesi la chuma kazi kubwa zaidi ni kulizuia paa lisiruke. Upepo unaopita chini ya paa la wazi hulisukuma juu, na ule unaopita juu yake hulinyonya, hivyo nguvu mbili hufanya kazi upande mmoja. Msukumo wa upepo kwa mita moja ya mraba hukadiriwa kwa kuzidisha kasi yake kwa yenyewe, kisha kwa 0.613, kasi ikipimwa kwa mita kwa sekunde na jibu likitoka kwa nyutoni. Maana yake ni kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne.

Hesabu ya banda la mita 3 kwa 6 inaonyesha uzito wa jambo hili. Eneo lake ni mita 18 za mraba. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, ukilinyanyua paa lote kwa msukumo wake kamili, huleta nguvu inayolingana na uzito wa kilo 450 hivi. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, huleta nguvu inayolingana na tani moja. Banda lenyewe, yaani nguzo, vyuma vya paa na mabati, lina uzito wa takriban kilo 300. Tofauti hiyo lazima ibebwe na msingi. Mashimo manne ya sentimita 30 kwa 30 yenye kina cha sentimita 50, ambayo hujazwa zege kwa haraka, yana jumla ya kilo 430 tu za zege, na ukijumlisha na uzito wa banda hupati hata tani moja. Mashimo manne ya sentimita 60 kwa 60 yenye kina cha sentimita 80 yana zaidi ya tani mbili na nusu. Tofauti ya gharama kati ya misingi hiyo miwili ni mifuko ya saruji na siku moja ya kuchimba, ilhali tofauti ya usalama ni kati ya banda linalosimama na banda linalotua juu ya nyumba ya jirani.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Kimbunga kilichoipiga Lindi mwezi Aprili 1952, pamoja na Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia mwezi Mei 2024, vinathibitisha kwamba pwani ya Tanzania haiko nje kabisa ya njia ya dhoruba za Bahari ya Hindi, na hata bila kimbunga, upepo wa ghafla unaotangulia mvua kubwa unatosha kung'oa mabati. Kwa hiyo mnunuzi aelekeze upande mfupi wa banda, au ukuta wake mmoja kama upo, kwa kuzingatia pepo mbili zinazotawala pwani, kusi itokayo kusini-mashariki na kaskazi itokayo kaskazini-mashariki.

Udongo nao una sauti yake. Mchanga mlegevu wa pwani hauushiki msingi kwa nguvu, hivyo uzito wa zege peke yake ndio unaotegemewa. Udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopatikana sehemu nyingi za Nairobi na katika mbuga za Tanzania, huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na msingi wa juujuu ndani yake hupanda na kushuka kila mwaka mpaka maungio ya paa yalegee. Hapo msingi hauna budi kushuka hadi kwenye udongo usiobadilika, au udongo huo uondolewe na kujazwa kifusi kilichoshindiliwa.

Chumvi, zinki na umri wa bati

Bati lenye migongo lilipata hataza London mwaka 1829 kwa jina la Henry Robinson Palmer, na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kukipaka chuma zinki iliyoyeyushwa. Mawazo hayo mawili ndiyo yanayofunika miji ya Afrika Mashariki hadi leo. Zinki hukilinda chuma kwa njia mbili: kwanza hukifunika, na pili, palipokwaruzwa, huliwa yenyewe kabla ya chuma. Ulinzi huo basi ni akiba inayotumika kidogo kidogo, na swali la msingi ni akiba ni kiasi gani na inatumika kwa kasi gani.

Kiasi cha akiba huandikwa kwa gramu za zinki kwa mita moja ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Bati lenye alama Z275 lina gramu 275, sawa na unene wa takriban maikromita 20 kila upande, na maikromita moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Kasi ya matumizi hutegemea hewa. Viwango vya kimataifa huigawa hewa katika madaraja kuanzia C1 hadi C5 na zaidi: katika daraja C3, la hewa ya kati, zinki hupungua maikromita 0.7 hadi 2.1 kwa mwaka, na katika C5, ambalo ni la ufukwe wenye chumvi nyingi, hupungua maikromita 4.2 hadi 8.4. Kwa hesabu hiyo bati la Z275 lililo katika hewa ya kati lina ulinzi wa miaka 10 hadi 28, na bati lilelile likiwekwa mbele ya bahari, pale mawimbi yanaporusha mvuke wa chumvi, ulinzi wake huisha kati ya miaka miwili na mitano. Ndiyo sababu sifa iliyopatikana Dodoma haiwezi kutumiwa kama dhamana ya Bagamoyo au Malindi.

Mabati yenye mchanganyiko wa alumini na zinki, yaani alumini asilimia 55, zinki asilimia 43.4 na silikoni asilimia 1.6 kwa uzito, yalianza kuuzwa Marekani mwaka 1972, na kwa kawaida hudumu zaidi kuliko yenye zinki peke yake mbele ya hewa ya bahari. Alama yake huandikwa kwa herufi AZ, kama AZ150, ambayo ina gramu 150 kwa mita ya mraba. Rangi iliyopakwa kiwandani juu ya tabaka hilo huongeza ulinzi mwingine. Hata hivyo, hakuna tabaka linalovumilia uzembe wa siku ya ujenzi. Cheche za mashine ya kukatia huunguza rangi na kuacha vumbi la chuma linaloota kutu kwa siku chache, hivyo mabati yakatwe kwa mkasi wa bati au msumeno unaofaa, tena mbali na paa. Uchomeleaji nao huyeyusha zinki pale pale kwenye ungio, na kuliacha uchi mahali ambapo banda linahitaji nguvu zaidi. Ungio hilo lisuguliwe mpaka ling'ae, kisha lipakwe rangi yenye zinki nyingi kabla ya rangi ya mwisho.

Vyuma vya mifupa vinastahili uangalizi mkubwa kuliko mabati, kwa kuwa bati lililooza hubadilishwa kwa nusu siku, ilhali nguzo iliyooza hubomoa banda zima. Mabomba meusi ya mraba, ambayo hayana zinki, hupakwa mara nyingi rangi nyekundu ya kuzuia kutu bila kusafishwa kwanza, na kutu hiyo iliyofunikwa huendelea kukua chini ya rangi. Chuma cha unene wa milimita 3 hadi 6 kilichochovywa katika zinki iliyoyeyuka baada ya kukatwa na kuchomelewa hupata wastani wa maikromita 70 za zinki, zaidi ya mara tatu ya bati la Z275, na kinapofungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa kiwanjani, tabaka lake halivunjwi. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari njia hiyo ndiyo bora, hata kama inapandisha gharama ya mwanzo.

Jambo moja hushangaza wengi: katika pwani, upande wa chini wa paa mara nyingi huoza kabla ya upande wa juu. Upande wa juu huoshwa na mvua, lakini wa chini hukusanya chumvi mwaka hadi mwaka bila kuoshwa. Kuuosha kwa maji baridi mara chache kwa mwaka ni matunzo rahisi yanayoongeza umri wa banda.

Paa, maji na joto

Unene wa bati hutajwa madukani kwa geji, kipimo ambacho namba yake ikiwa ndogo bati huwa nene: geji 30 ni takriban milimita 0.3, na geji 28 ni takriban milimita 0.4. Kwa kuwa unene halisi wa geji moja hutofautiana kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine, mnunuzi adai namba ya milimita, na kwa banda la wazi linalotikiswa na upepo pande zote mbili achague lisilopungua milimita 0.4. Skrubu ziwe na washa za mpira na ziwe nyingi zaidi kwenye kingo na pembe, ambako mnyonyo wa upepo ni mkali kuliko katikati.

Mteremko wa nyuzi 5 ni wa chini kabisa kwa mabati ya migongo mipana, na kwa paa lenye kina cha mita 6 unaleta tofauti ya kimo ya sentimita 52 kati ya mbele na nyuma. Paa lililofichwa nyuma ya ukingo wa mapambo, ambalo limepata wapenzi wengi mijini, huhitaji mfereji wa ndani unaosafishwa mara kwa mara, kwani majani ya mwembe au mwarobaini yakiuziba, maji hurudi chini ya mabati.

Maji hayo ni mali. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na kwa kuwa Dar es Salaam hupata wastani wa milimita 1,100 hivi kwa mwaka, paa la mita 18 za mraba linaweza kukusanya takriban lita 16,000, hata ikikadiriwa kwamba sehemu moja ya tano itapotea. Kwa upande mwingine, mvua ya milimita 50 kwa saa humimina lita 900 katika saa hiyo moja, na zisipopewa mfereji na tanki huchimba msingi wa nguzo au huingia kwa jirani. Kuhusu joto, bati la rangi nyepesi huakisi jua zaidi kuliko la rangi nzito, na banda la wazi hupoa lenyewe iwapo hewa inapita.

Sheria, jirani na makubaliano

Imani kwamba banda la chuma ni jengo la muda na kwa hiyo halihitaji ruhusa imewaletea wengi hasara. Nchini Tanzania uendelezaji wa viwanja vya mijini husimamiwa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 na kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri; nchini Kenya serikali za kaunti hutoa idhini chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Uamuzi kuhusu kama banda fulani linahitaji kibali ni wa mamlaka hizo, na haupaswi kuachiwa fundi. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na Mji wa Kale wa Lamu, ambayo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 na 2001, masharti ya hifadhi ni makali zaidi. Kila mahali mnunuzi ahakikishe kwamba banda haliko ndani ya hifadhi ya barabara, haliko chini ya nyaya za umeme, na halimwagi maji nje ya mpaka wake.

Makubaliano na kiwanda au fundi yaandikwe, na yataje mambo yanayoweza kupimwa: ukubwa na unene wa kila bomba kwa milimita, aina na gramu za tabaka la bati, vipimo vya mashimo ya msingi, namna ya kutibu maungio, na idadi ya skrubu kwenye kingo. Malipo yagawanywe kwa hatua, na hatua moja iwe ukaguzi wa mashimo na nondo kabla zege halijamwagwa, kwa sababu baada ya hapo hakuna anayeweza kujua kilichomo. Michoro inayotoka nchi za baridi, ambako mzigo mkubwa wa paa ni theluji, isichukuliwe kama ilivyo, kwani nguvu inayokandamiza chini na ile inayonyanyua juu hudai vyuma na misingi tofauti. Anayetaka kuweka paneli za umeme wa jua baadaye aseme mapema, maana zitaongeza takriban kilo 10 hadi 15 kwa kila mita ya mraba.

Mpangilio wa maamuzi

Kutokana na hoja hizi, utaratibu wa uteuzi unajipanga wenyewe. Kwanza ijulikane hewa na upepo wa mahali, kwa kuwa ndivyo vinavyoamua tabaka la madini na ukubwa wa msingi. Pili ithibitishwe sheria na mipaka. Tatu yapimwe magari yenyewe na milango yake ikiwa wazi. Nne uamuliwe uwazi au ufungaji wa banda. Na mwisho kabisa zichaguliwe rangi na umbo. Wengi huanza na hatua ya mwisho, na fedha inapopungua hupunguza zege na unene wa nguzo ili kulinda sura ya paa. Mwenye bajeti finyu afanye kinyume: apunguze eneo, aache kuta, achague umbo la kawaida lenye nguzo nne, lakini asiguse msingi, nguzo wala ulinzi dhidi ya kutu. Kuta zinaweza kuongezwa mwaka ujao na bati linaweza kubadilishwa baada ya miaka kumi, ilhali msingi mdogo na nguzo nyembamba haviongezeki bila kubomoa kila kilicho juu yake. Banda dogo lililojengwa kwa uaminifu ni bora kuliko banda kubwa linalotegemea bahati ya hali ya hewa, kwa kuwa kinachosimama chini yake si gari tu bali pia binadamu, tena mara nyingi mtoto.